Mada: Janga la UVIKO-19 na Uchumi wa Nchi Zinazoendelea

Utangulizi

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa UVIKO-19, yaani Ugonjwa wa Virusi vya Korona uliogunduliwa mwaka 2019, umekuwa janga la dunia. Siku tano baadaye, tarehe 16 Machi, mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Tanzania. Siku iliyofuata serikali ikatangaza kufunga shule. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi wakati huo. Mnakumbuka ndoo za maji zenye koki milangoni mwa maduka, na mnakumbuka kukaa nyumbani hadi mwisho wa Juni.

Mtahiniwa akiulizwa janga hili liliathiri vipi uchumi wa nchi zinazoendelea, mara nyingi huandika hivi: "Watu wengi waliugua na kufa, hivyo nguvukazi ilipungua." Hoja hiyo si ya uongo, lakini haitoshi. Tazama Tanzania. Watu hawakufungiwa majumbani. Masoko yaliendelea, mashamba yalilimwa na mabasi yalitembea. Hata hivyo, kasi ya ukuaji wa uchumi ilishuka kutoka asilimia 7.0 mwaka 2019 hadi asilimia 4.8 mwaka 2020, na mapato ya utalii yalianguka kwa karibu robo tatu. Kama watu waliendelea na kazi zao, hasara iliingilia wapi?

Jibu la swali hilo ndilo kiini cha mada hii. Uchumi wa nchi inayoendelea una milango mingi inayotazama nje, na ndani una akiba ndogo. Janga huingia kupitia milango hiyo hata pale ambapo nchi yenyewe haijafunga shughuli zake. Likishaingia, linawakuta watu na serikali wasio na akiba ya kutosha kusubiri lipite. Tutaipitia milango hiyo mmoja baada ya mwingine, kisha tutaona namna ya kuipanga katika jibu la mtihani.

1. Maneno ya kushika kabla ya kuendelea

Pato la taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zilizozalishwa nchini kwa kipindi fulani, kwa kawaida mwaka mmoja.

Ukuaji kupungua kasi na uchumi kunywea ni vitu viwili tofauti. Chukua mfano wa mama anayeuza maandazi. Mwaka wa kwanza anauza 100 kwa siku, mwaka wa pili 107, mwaka wa tatu 112. Mwaka wa tatu ameuza mengi kuliko wa pili, ila ongezeko limekuwa dogo. Hapo ukuaji umepungua kasi. Kama mwaka wa tatu angeuza 105, biashara ingekuwa imenywea. Mwaka 2020 uchumi wa Tanzania ulipungua kasi lakini haukunywea. Uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3. Kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikijumlishwa pamoja, huo ulikuwa mdororo wa kwanza katika kipindi cha miaka 25 hivi.

Pato la mtu mmoja mmoja hupatikana kwa kugawa pato la taifa kwa idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa watu wa Tanzania waliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kila mwaka tangu sensa ya 2012. Ukitoa 3.2 kwenye 4.8 unabaki na 1.6. Kwa hiyo hata nchi ambayo uchumi wake haukunywea, fungu la kila mwananchi liliongezeka kidogo sana mwaka huo.

Fedha za kigeni ni fedha za nchi nyingine, hasa dola za Marekani, ambazo nchi huzipata kwa kuuza bidhaa na huduma nje. Hizo ndizo hutumika kununulia mafuta, dawa, mashine na mbolea kutoka nje, na kulipia madeni ya nje.

Sekta isiyo rasmi hujumuisha kazi zisizo na mkataba, mshahara wa uhakika wala bima: machinga, mama lishe, bodaboda, vibarua wa ujenzi, wachuuzi wa samaki, mafundi wa mtaani.

2. Mlango wa kwanza: wageni wasipokuja

Utalii ni huduma inayouzwa nje bila kusafirishwa, kwa sababu mnunuzi anakuja mwenyewe. Nguvu ya utalii iko hapo, na udhaifu wake pia. Mnunuzi akizuiwa kusafiri, huwezi kumpelekea mbuga ya Serengeti kwa meli.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Mapato yalishuka kutoka dola za Marekani milioni 2,604.5 hadi milioni 714.6. Huko Kenya, wageni walipungua kutoka milioni 2 hivi hadi chini ya laki 6.

Angalia tarehe kwa makini. Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 12 Aprili 2020 na kufungua tena anga tarehe 18 Mei, baada ya wiki tano tu. Lakini wiki hizo tano hazielezi hasara ya mwaka mzima. Mtalii wa Ujerumani, Uingereza au Marekani alikuwa bado amezuiwa au anaogopa kusafiri, na mashirika mengi ya ndege yalikuwa yameegesha ndege zao. Mlango wa kwetu ulikuwa wazi, ila wa kwao ulikuwa umefungwa. Hii ndiyo maana ya kusema uchumi wetu unategemea nje.

Hasara ya utalii haiishii hotelini. Mgeni mmoja anayepanda Mlima Kilimanjaro huajiri mwongozaji, mpishi na wapagazi. Mpishi hununua mboga na mayai kwa wakulima wa Marangu au Machame. Mpagazi hulipa kodi ya chumba, ada ya mtoto na deni la dukani. Mgeni asipokuja, fedha inakatika kwenye mzunguko wote huo. Mkulima wa nyanya ambaye hajawahi kuzungumza na mtalii anajikuta na nyanya zinazooza. Wachumi huita hali hii athari ya mzunguko wa fedha: shilingi moja ikipotea mwanzoni mwa mnyororo, zinazopotea hadi mwisho wa mnyororo ni zaidi ya moja.

3. Mlango wa pili: bidhaa zisipotoka wala kuingia

Mlango huu una pande mbili. Upande wa kwanza ni bidhaa tunazouza. Kenya huuza maua mengi Ulaya, na sehemu kubwa hupitia minada ya Uholanzi. Katikati ya Machi 2020, Ulaya ilipofunga maduka na kuzuia sherehe, bei kwenye minada hiyo ziliporomoka. Ua halisubiri soko. Mashamba ya Naivasha yalitupa maua na kuwapumzisha maelfu ya wafanyakazi. Huko Bangladesh, nchi inayoishi kwa kushona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani, wanunuzi walifuta au kuahirisha oda zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3. Nigeria na Angola, ambazo hutegemea mafuta ghafi, zilikuta bei imeanguka kwa sababu magari na ndege za dunia zilikuwa zimesimama.

Upande wa pili ni bidhaa tunazonunua. Mji wa Wuhan nchini China ulifungwa tarehe 23 Januari 2020, na viwanda vingi vya China vikasimama kwa wiki kadhaa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza nguo, simu na vipuri kutoka China alianza kuonja janga kabla mgonjwa wa kwanza hajatangazwa Tanzania. Bidhaa zikiadimika, bei hupanda. Fundi anayesubiri kipuri hukosa kazi, ingawa yeye na mteja wake ni wazima.

Mipaka ya nchi kavu nayo iliumia. Madereva wa malori walitakiwa kupimwa kabla ya kuvuka, na foleni za malori zikawa ndefu katika mipaka kama Malaba, kati ya Kenya na Uganda. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilitangaza kufunga mipaka yake na Tanzania na Somalia kwa abiria, mizigo ikiruhusiwa kwa masharti ya kupimwa. Lori likikaa siku nne mpakani, gharama ya siku hizo huongezwa kwenye bei ya bidhaa, na anayeilipa ni mlaji wa mwisho.

4. Mlango wa tatu: kazi ya leo kwa chakula cha leo

Kwa takwimu za Shirika la Kazi Duniani, zaidi ya watu 8 kati ya kila 10 wenye kazi barani Afrika wako katika sekta isiyo rasmi. Hapa ndipo tofauti kati ya nchi tajiri na nchi zinazoendelea inapoonekana wazi zaidi.

Karani wa benki wa London alipoambiwa akae nyumbani, alifungua kompyuta akaendelea na kazi, na mshahara ukaingia. Hata waliosimamishwa kazi huko walilipwa sehemu kubwa ya mishahara yao na serikali. Muuza mitumba wa Gikomba, Nairobi, hana kazi ya kufanyia kwenye kompyuta. Asipotoka, hali. Kenya ilipoweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, mchoma nyama, mwendesha matatu na muuza chipsi walipoteza saa zao za kuuza zaidi. Amri hiyo ilidumu hadi Oktoba 2021.

Mfano mkali zaidi ni wa India. Usiku wa tarehe 24 Machi 2020 serikali ilitangaza kufunga nchi nzima, na agizo likaanza kufanya kazi baada ya saa chache tu. Vibarua waliokuwa wamehamia miji mikubwa walipoteza kazi na malazi kwa wakati mmoja. Treni na mabasi yalikuwa yamesimamishwa. Wengi walirudi vijijini kwao kwa miguu, mamia ya kilometa, wakiwa na watoto na mizigo kichwani.

Kutokana na hali hii, serikali za nchi zinazoendelea zilijikuta kwenye uamuzi mgumu. Kufunga shughuli kunapunguza maambukizi lakini kunaleta njaa kwa anayeishi kwa kipato cha siku. Kuacha shughuli wazi kunalinda kipato lakini kunaweza kuongeza wagonjwa. Hakuna nchi iliyopata njia isiyo na gharama. Ukiulizwa utoe maoni, usiandike kwamba nchi fulani ilipatia kabisa na nyingine ilikosea kabisa. Eleza faida na gharama za kila njia.

Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 70 hivi waliongezeka katika umaskini uliokithiri duniani. Sehemu kubwa sana ya ongezeko hilo ilikuwa katika nchi zinazoendelea.

5. Mlango wa nne: mfuko wa serikali na madeni

Biashara zikisinzia, kodi inapungua. Wakati huohuo matumizi ya serikali yanaongezeka: barakoa, vifaa vya hospitali, oksijeni, msaada wa chakula. Mapato yanashuka na matumizi yanapanda, na katikati panabaki pengo.

Nchi tajiri huziba pengo hilo kwa kukopa kwa riba ndogo kutoka kwa watu wao wenyewe, kwa fedha yao wenyewe. Mwezi Machi 2020 Marekani ilipitisha sheria moja tu ya kunusuru uchumi yenye thamani ya dola trilioni 2.2. Nchi zinazoendelea haziwezi kufanya hivyo. Madeni yao mengi ya nje ni ya dola, na dola hupatikana kwa kuuza nje. Sasa fikiria: utalii umesimama, bidhaa hazitoki, dola haziingii, lakini tarehe ya kulipa deni iko palepale.

Zambia ni mfano wa kukumbuka. Nchi hiyo hutegemea shaba, na madeni yake yalikuwa mazito hata kabla ya janga. Mwezi Novemba 2020 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 kwa wawekezaji waliokuwa wamenunua hatifungani zake. Ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kushindwa kulipa deni katika kipindi cha janga. Usiandike kwamba UVIKO-19 ndio ulioleta deni la Zambia. Andika kwamba deni lilikuwepo, na janga likawa kishindo cha mwisho.

6. Mlango wa tano: madarasa matupu

Watahiniwa wengi huusahau mlango huu, pengine kwa sababu hasara yake haionekani katika takwimu za mwaka huo. Dunia nzima, zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliathiriwa na kufungwa kwa shule mwaka 2020. Tanzania ilizifungua kwa awamu: vyuo na kidato cha sita tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni. Kenya ilianza kurudisha baadhi ya madarasa Oktoba 2020, yakiwemo ya watahiniwa, na wengine wakarudi Januari 2021. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili.

Katika nchi yenye umeme na intaneti kila nyumba, mwanafunzi aliendelea kusoma mtandaoni. Kijijini ambako simu moja inatumiwa na familia nzima, masomo yalisimama. Wapo wavulana waliozoea fedha ya kibarua wasirudi tena darasani. Wapo wasichana waliopata mimba au kuozwa. Elimu ni mtaji, na kijana aliyeacha shule mwaka 2020 atapata kipato kidogo kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo hasara ya mlango huu hulipwa polepole, na huonekana baada ya watu kudhani janga limeisha.

7. Si kila kitu kilianguka

Jibu zuri huonyesha pia upande wa pili. Kwanza, dhahabu. Watu wenye fedha wanapoogopa, hununua dhahabu. Agosti 2020 bei yake ilivuka dola 2,000 kwa wakia moja kwa mara ya kwanza. Tanzania iliuza nje dhahabu ya karibu dola bilioni 3 mwaka huo, na hilo lilifidia sehemu ya pengo lililoachwa na utalii. Fidia hiyo haikumfikia kila mtu, kwa sababu mpagazi wa Moshi hakupata mgao wa dhahabu ya Geita. Uchumi wa taifa unaweza kusimama huku familia nyingi zikiwa zimeanguka.

Pili, kilimo. Mkulima anayelima chakula chake aliumia kidogo kuliko mfanyakazi wa hoteli. Ndiyo maana baadhi ya waliopoteza kazi mjini walirudi kwao kulima.

Tatu, fedha zinazotumwa nyumbani na ndugu walio nje ya nchi. Wataalamu walihofia zingeanguka vibaya sana, lakini kwa nchi zinazoendelea zikijumlishwa pamoja zilishuka kidogo tu mwaka 2020. Watu waliokuwa wakiumia huko ughaibuni waliendelea kujibana ili watume nyumbani.

8. Hatua zilizochukuliwa

Hatua za ndani. Benki Kuu ya Tanzania ilipunguza riba inayotoza benki za biashara kutoka asilimia 7 hadi 5, na ikapunguza kiwango cha amana ambacho benki hutakiwa kukihifadhi kwake kutoka asilimia 7 hadi 6. Lengo lilikuwa benki zibaki na fedha nyingi za kukopesha. Pia iliongeza kiwango cha juu cha miamala ya simu kwa siku kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, ili watu wapunguze kushikana fedha mkononi. Kenya ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa miezi ya Aprili hadi Desemba 2020.

Hatua za kimataifa. Kuanzia Mei 2020 hadi Desemba 2021, kundi la nchi 20 zenye uchumi mkubwa liliruhusu nchi maskini kuahirisha malipo ya madeni. Nchi 48 zilinufaika, na malipo yaliyoahirishwa yalikuwa dola bilioni 12.9. Hapa kuna mtego: kuahirisha si kusamehe. Deni lilibaki, ila tarehe ilisogezwa mbele. Agosti 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liligawa akiba yenye thamani ya dola bilioni 650 kwa nchi wanachama, kwa kufuata ukubwa wa hisa zao katika shirika. Kwa kuwa hisa za Afrika ni ndogo, bara zima lilipata kama dola bilioni 33, yaani asilimia 5 hivi.

Chanjo. Uingereza ilianza kuchanja Desemba 2020. Tanzania ilipokea shehena yake ya kwanza, dozi 1,058,400, Julai 2021. Nchi zilizochanja mapema zilifungua uchumi mapema. Kuchelewa kwa chanjo kulimaanisha kuchelewa kupona kiuchumi pia.

Mkopo wa UVIKO na madarasa. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo kwa Tanzania wa dola milioni 567.25, takribani shilingi trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 katika vituo shikizi vya shule za msingi. Huenda unasoma kitabu hiki ukiwa katika mojawapo ya madarasa hayo. Kumbuka kuwa ni mkopo. Darasa limebaki, na deni nalo litalipwa na kizazi kilichokaa ndani yake. Kama wewe na wenzako mtazalisha zaidi kwa sababu ya elimu mliyoipata humo, mkopo huo utakuwa umejilipa.

9. Namna ya kujibu swali

Swali linaweza kuja hivi: "Fafanua athari tano za janga la UVIKO-19 kwa uchumi wa nchi zinazoendelea."

Jibu dhaifu: "Utalii ulishuka kwa sababu ya korona na watu wakakosa hela."

Jibu lenye nguvu: "Janga lilipunguza fedha za kigeni kupitia utalii. Nchi wanakotoka watalii zilizuia safari, hivyo wageni wa Tanzania walipungua kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Kwa sababu hiyo wapagazi, wafanyakazi wa hoteli na wakulima wanaouza vyakula hotelini walipoteza kipato, na serikali ikakosa kodi."

Jibu la pili lina vitu vinne: hoja, sababu, mfano na matokeo. Kila aya yako iwe navyo vyote vinne. Ukisahau tarakimu kamili, usibuni. Andika "zaidi ya nusu" au "karibu robo tatu", kwa sababu makadirio ya kweli ni bora kuliko tarakimu ya kutunga.

Makosa ya kuepuka:
(a) Kuandika dalili za ugonjwa na njia za kujikinga badala ya athari za kiuchumi.
(b) Kusema uchumi wa Tanzania ulinywea, wakati ulipungua kasi ya kukua.
(c) Kurudia hoja moja kwa maneno tofauti, kwa mfano "watu walikosa ajira" na "watu walipoteza kazi".
(d) Kusema madeni yalisamehewa, wakati malipo yaliahirishwa.
(e) Kuzungumzia Afrika kama nchi moja. Taja nchi, kwa kuwa kila moja iliumia kupitia mlango wake.

10. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya uchumi kupungua kasi ya kukua na uchumi kunywea. Toa mfano wa nchi moja kwa kila hali.

2. Tumia takwimu za sehemu ya 2. (a) Tafuta asilimia ya kupungua kwa watalii wa Tanzania kati ya 2019 na 2020. (b) Tafuta asilimia ya kupungua kwa mapato. (c) Gawanya mapato kwa idadi ya watalii kwa kila mwaka. Unajifunza nini?

3. "Kufungua anga hakukutosha kurudisha watalii." Jadili kauli hii ukitumia mfano wa Tanzania mwaka 2020.

4. Kwa nini kuwafungia watu majumbani kuligharimu zaidi nchi zinazoendelea kuliko nchi tajiri? Toa hoja tatu.

5. Zambia ilishindwa kulipa deni mwaka 2020. Je, ni sahihi kusema UVIKO-19 ndio sababu pekee? Fafanua.

6. Tembelea soko, stendi au gereji iliyo karibu nawe. Muulize mtu mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapo mwaka 2020 kipato chake kilibadilika vipi. Kisha onyesha ni mlango upi kati ya mitano ulipitisha hasara yake.

Majibu ya swali la 2: (a) asilimia 59 hivi. (b) asilimia 73 hivi. (c) Mwaka 2019 kila mtalii aliacha wastani wa takribani dola 1,700; mwaka 2020 takribani dola 1,150. Tunajifunza kuwa hasara ilikuwa ya namna mbili: wageni walipungua, na wachache waliokuja walitumia fedha kidogo zaidi. Mtahiniwa anayeishia kwenye (a) ameona nusu tu ya hasara.